Ukikanyaga Umenunua

Sajenti Wilhelmina Ndalahwa alivua viatu kabla hajaingia mwaloni, ufukoni pale mitumbwi inaposhusha samaki. Hakuna aliyemwambia avue. Aliona tu dagaa wametandazwa kila mahali, juu ya nyavu kuukuu, juu ya majabali, juu ya mchanga mtupu, na katikati yao kimeachwa kijia chembamba cha kupitisha mguu mmoja baada ya mwingine. Mkoba akautundika begani, viatu mkononi, akaanza kutembea kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake.

Alikuja kwa sababu ya mashine. Tangu Jumanne mashine ya kusukuma maji ya kota za serikali, huko mbele ya Butimba, ilikuwa haipo. Ilikuwa mashine ya dizeli, nzito, ya kubebwa na wanaume wengi na magogo, mali ya Shirika la Majengo na Huduma za Serikali, ambalo watu walifupisha wakaliita Majengo. Kota zilikuwa za Majengo, zahanati ya Majengo, bomba la Majengo, na nyumba ndogo ya matofali ufukoni ilimokaa mashine hiyo nayo ya Majengo. Sasa bomba lilikuwa kavu, na wauguzi wa zahanati walikuwa wanachota ziwani kwa ndoo, maji hayo hayo wanayooshea vidonda.

Aliyekamatwa alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku, mzee Kashindye. Chumbani kwake ilikutwa spana kubwa. Kituoni walikwisha kuipanga kesi yote: wezi walikuja usiku na mtumbwi, Kashindye akawafungulia mlango, mashine ikavushwa kwenda visiwani. Leo mzee alipelekwa mahakamani, lakini ilikuwa kesi ya kutajwa tu, kisha arudishwe mahabusu. Kwa hiyo Wilhelmina alijua bado ana nafasi. Alikuwa amemwambia Kija, mke wa mzee, kwamba akipata neno moja la kweli atamrudisha mumewe nyumbani. Nyumbani kwenyewe palikuwa chumba kimoja tu, nyuma ya nyumba ya ofisa, katika kota hizo hizo ambazo serikali ilikuwa inaziuza mwaka ule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mwanamke aliyekuwa anageuza dagaa kwa ufagio aliinua uso. Aliitwa Akumu, mtu wa Mara, mjane, na ndiye wanawake wa pale walimsikiliza. "Wewe polisi una adabu. Umevua na viatu. Wenzako walikuja wakasimama kule barabarani, wakatuita kwa mluzi. Nikawaambia hawa, nani anaitika mluzi? Sisi ni mbwa?"

Wanawake wakacheka. Wilhelmina naye akacheka, akachuchumaa, akaanza kumsaidia kuokota majani yaliyoingia ndani ya dagaa.

"Natafuta mtumbwi, mama. Uliobeba mashine ule usiku."

"Mtumbwi gani? Usiku ule giza, mwezi haupo. Mitumbwi yote ilikuwa majini na karabai zake, na wanaume wote wako humo. Uliobaki hapa ni ule pale uliotoboka, mbwa kazalia ndani."

"Na nyie mlikuwa wapi?"

"Tutakuwa wapi? Hapa. Tunasubiri mitumbwi irudi. Upepo ukizidi tunakwenda kukaa pale, mgongo ukutani." Alionyesha nyumba ya mashine kwa mti wa ufagio. "Mashine ikinguruma, ukuta ule unapata joto kama ubavu wa ng'ombe. Unaegemea, unalala."

"Usiku ule ukuta ulikuwa na joto?"

"Mpaka alfajiri. Mimi nilisinzia pale nikapotea kabisa. Kashindye akanifunika koti lake la mvua. Mitumbwi ilipoingia, akazima mashine, akafunga kufuli, akachukua koti lake, akatuaga. Tena kwa adabu zake zile za Kisukuma, anakuuliza mpaka habari za mbuzi."

"Na mchana nani analinda?"

"Hakuna. Wa mchana walimpunguza. Si ndiyo mambo ya siku hizi? Wanapunguza mtu, wanabakiza kufuli."

Hakuna askari aliyewauliza wanawake hawa swali hata moja la maana. Mashine ilikuwa mahali pake usiku kucha, inafanya kazi, na ukuta ulikuwa shahidi.

"Baada ya Kashindye kuondoka, nani alikuja?"

Hapo wanawake wote wakainama. Kila mmoja ghafla akawa na dagaa wa kugeuza. Akumu alipiga ufagio mara kadhaa, kisha akanyoosha kidole kwenye jabali pana lililo karibu na njia ya magari. Jabali lote lilikuwa limetandazwa dagaa isipokuwa mstari mmoja mpana, mweusi, uliopita katikati.

"Lori lilipita juu ya dagaa wangu," alisema. "Jua limeshapanda, nimeshatandaza. Sasa, wewe si mtu wa mwaloni, nikueleze. Huku kwetu ukikanyaga umenunua. Haina kesi, haina mwenyekiti. Awe mlevi, awe padri. Unalipa, unazoa, unaondoka na dagaa wako."

"Dereva akalipa?"

"Dereva alitaka kutupita! Tukakaa chini mbele ya magurudumu, wote, na Rebeka yule na mimba yake. Nikamwambia, haya, kanyaga na sisi, utanunua na sisi, ukatupike." Wakacheka tena, lakini kwa sauti ndogo. "Ndipo mwenyewe akashuka. Alikuwa ndani, kwenye kivuli. Akalipa. Lakini maneno! Alivyokwisha kulipa akasema, basi ni mali yangu, nataka yote. Akatusimamia tuzoe mpaka waliosagika, mpaka walioshikana na mchanga na oili. Akasema hata kichwa kimoja kisibaki. Mtu ana tumbo kama la hakimu, anagombea dagaa wa mchangani."

"Nyuma ya lori palikuwa na nini?"

"Turubai."

"Chini ya turubai?"

"Sikufunua. Niliona turubai limefungwa kamba, na oili inadondoka. Nikikwambia niliona mashine nitakuwa mwongo."

"Na huyo mwenyewe, ni nani?"

Akumu alisimama, akashika kiuno. "Binti yangu. Nyumba ile ni ya Majengo. Njia ile ni ya Majengo. Hata jabali hili, lione, wamelipiga namba kwa rangi, nalo wataliuza. Nimekupa dagaa wangu. Jina sina."

"Mbele ya hakimu utasema hayo uliyoniambia?"

"Nitasema ya dagaa. Hayo hayo."

Wilhelmina alikwenda kwenye jabali. Kwenye ufa, pale ufagio usipofika, walikuwa wamebaki dagaa wachache waliopigwa bapa kama karatasi, weusi kwa oili, na mchanga mweupe unaometameta umegandamana nao. Akawakwangua kwa kisu kidogo, akawafunga kwenye gazeti, gazeti akalitia mkobani.

Kisha akaingia nyumba ya mashine. Alikuwa amekwisha kuiona, lakini siku ile aliitazama kwa macho ya mtu anayetafuta mtumbwi. Sasa akaanza mlangoni. Kufuli lilikuwa zima, halina jeraha. Lilifunguliwa kwa ufunguo wake. Mmoja alikaa nao Kashindye, mwingine ofisini Majengo. Kizingiti cha saruji kilikuwa kimechubuliwa na kitu kizito kilichoburutwa, na michubuko ilielekea njia ya magari. Upande wa maji ukoka ulikuwa umesimama, haukulazwa na kitu.

Ndani zilibaki bolti tu, zimechomoza kwenye sakafu kama meno, na nati zimewekwa kando vizuri. Aliyezifungua hakuwa na haraka. Wilhelmina alitoa kipande cha kadibodi alichokikata kituoni kwa kipimo cha mdomo wa ile spana ya Kashindye. Akakivisha kwenye nati ya kwanza. Kikazunguka chenyewe. Akakivisha kwenye zote. Zote vilevile; spana ile ingezunguka hapo mpaka kiama bila kufungua kitu.

"Ehe," alisema peke yake, akavaa viatu.

Nyumba ya mkuu wa Majengo wa kanda, Bwana Antoni Mayala, ilikuwa juu kwenye kota, ina baraza ya mawe na mabanda ya kuku wa mayai pembeni. Wakubwa wengi siku hizo walifuga kuku, maana mshahara ulikuwa haufiki mwisho wa mwezi. Bwana Mayala alikuwa barazani, amevaa fulana, anafunga vitabu vya ofisi kwenye maboksi.

"Karibu, Sajenti. Umekuja kuniaga? Majengo inakufa hii. Hapa tunakafini tu."

"Poleni. Nimekuja kwa mashine." Hakukaa. Alikuwa anatazama bandani. "Kuku wako hawali."

"Wana mdondo."

"Kuku wa mdondo hulala, Bwana Mayala. Hawa nimewatupia jani hapa wanapigana. Chakula chao ndicho hawakitaki."

Alikwenda bandani bila kuomba. Kwenye kihori kulikuwa na pumba, mashudu ya pamba, na dagaa. Kuku walikuwa wamedonoa pumba, wamedonoa mashudu, dagaa wamewaacha. Akaokota mmoja. Alikuwa bapa. Akamnusa, akaurudisha mkono mbali na pua.

"Hawa umewanunua wapi?"

"Sokoni. Kirumba."

"Kirumba wanauza dagaa waliopita chini ya gurudumu?"

"Mimi si mchuuzi. Nilinunua gunia, nikaleta."

"Lini?"

"Jumatatu. Au Jumapili. Nani anakumbuka siku ya dagaa?"

"Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Bujora, kwenye ngoma. Nilialikwa."

"Jumanne, siku ya kazi?"

"Mwaliko wa kiserikali."

Wilhelmina alirudi barazani, akafungua gazeti lake juu ya boksi, akamweka dagaa wa bandani kando ya wale wa jabalini. Oili ile ile. Mchanga ule ule wa kumetameta, ambao Kirumba haupo. Alimwachia atazame.

Bwana Mayala alitazama. Halafu akafanya jambo ambalo Wilhelmina hakulitegemea: akavuta kiti, akaketi, akacheka kidogo kama mtu aliyechoka.

"Mke wangu aliniambia niwatupe," alisema. "Nikamwambia nimelipia. Sajenti, wewe ni mwerevu. Lakini umetembea jua lote hili kutafuta mashine ambayo haijapotea."

"Iko wapi?"

"Imeuzwa. Chuma chakavu. Kamati imeona haina thamani tena."

"Ilikuwa inasukuma maji mpaka alfajiri ya siku hiyo."

"Chakavu nacho hufanya kazi. Mimi si nafanya?"

"Kamati ilikaa lini?"

"Itakaa Ijumaa."

"Mashine imeondoka Jumanne, kamati itakaa Ijumaa?"

"Tarehe ni kazi ya karani." Alifunga boksi kwa kamba, akakaza fundo. "Watu wa kota walipiga kelele, maji hakuna, tumeibiwa. Wakataka mwizi. Wakubwa wa ubinafsishaji wanataka hati. Kila mtu atapata alichotaka. Hakuna aliyeonewa."

"Na Kashindye?"

Bwana Mayala alitazama saa yake. Kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya huruma.

"Nilidhani unatoka mahakamani. Amekiri asubuhi hii."

Wilhelmina alishuka kwa njia ya nyuma, iliyo fupi kufika barabarani. Ndipo akamkuta Kija. Mama huyo alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa, nje, vyombo vimemzunguka: sufuria, kinu, ndoo ya bati, picha ya harusi imefungwa kwenye kanga. Nyuma yake mafundi wawili walikuwa wanapiga ukuta wa chumba chake kwa nyundo. Upande wa jiko ulikuwa umeshaanguka, na ndani ulionekana msumari aliotundikia nguo.

"Wamesema nyumba imenunuliwa," alisema Kija, "na chumba kimo ndani ya nyumba. Mnunuzi anataka gereji. Mimi nimewaambia mngoje mwenyewe aje, Sajenti amekwenda kumleta." Alitazama nyuma ya Wilhelmina, njiani. "Umemleta?"

"Bado, mama."

"Haya. Akija tutajua pa kwenda."

Mahakama ilikuwa mjini, Nyamagana, na Wilhelmina alipofika ukumbi ulikuwa umekwisha kufungwa. Mwendesha mashtaka, Inspekta Gidion, alikuwa kwenye korido anakula karanga.

"Alisomewa shtaka, akaulizwa, akasema ni kweli," alisema. "Hakimu alirudia swali, maana hata yeye alishangaa. Mzee akasema, ni kweli, mimi ndiye. Miaka mitano."

"Ilikuwa itajwe tu!"

"Mshtakiwa akiomba kukiri, nitamziba mdomo?"

"Mashine haikuibwa usiku, Inspekta. Nina mashahidi. Spana haiingii kwenye nati. Na hii hapa." Akafungua gazeti.

Gidion aliinama kutazama, karanga mkononi. "Dagaa? Nimpelekee hakimu dagaa? Wilhelmina, mtu amekiri kwa kinywa chake. Rufaa yake ni ya kuomba apunguziwe siku. Hakuna mlango mwingine hapo."

"Mayala mwenyewe ameniambia mashine aliiondoa yeye."

"Ameandika?"

Wilhelmina alilikunja gazeti.

Gidion alitazama huku na huku, akapunguza sauti. "Ombi langu la kununua nyumba ninayokaa liko mezani kwa Mayala. La hakimu liko hapo. La mkuu wa kituo liko hapo. Lako je?"

"Mimi nimepanga Igoma."

"Ndiyo maana unaona vizuri," alisema Gidion. Haikuwa kejeli. Akammiminia karanga kidogo kwenye kiganja, akaenda zake.

Kashindye alikuwa kwenye chumba cha nyavu za chuma, nyuma ya mahakama, pamoja na wengine wanaosubiri karandinga la magereza. Alikuwa ameketi chini, miguu imenyooshwa, bila viatu. Alipomwona Sajenti alijitahidi kusimama.

"Kaa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Habari za tangu jana? Mama yako hajambo kule kijijini? Na ng'ombe?"

"Wazima wote. Mzee, nimepata. Wanawake wa mwaloni wanasema mashine ilinguruma mpaka alfajiri."

"Ndiyo. Niliizima mimi."

"Na spana yako haiingii."

"Itaingiaje? Ile ni ya baiskeli ya matairi matatu niliyokuwa nauzia maji. Niliwaambia."

"Sasa kwa nini ulikubali?"

Mzee alisogea karibu na nyavu, akazungumza kama mtu anayeeleza habari za shamba. "Bwana Mayala alikuja jana kituoni. Hakutuma mtu, alikuja mwenyewe, akachuchumaa hivi kama wewe. Akasema, Kashindye, kota zinauzwa, na vyumba vya nyuma vinakwenda na nyumba zake. Ukikubali, mimi chumba chako nakiweka nje ya mauzo. Mkeo abaki humo mpaka utakapotoka. Ukikataa, kesi itakula miaka hiyo hiyo na chumba kitakwenda. Nikatazama, nikaona kweli. Mimi nimezeeka. Miaka ninayo, chumba sina. Akanipa mkono." Akainua uso. "Umepita kule? Umemwona Kija?"

Wilhelmina alikuwa ameshika nyavu kwa vidole. Askari magereza alikuwa anafungua mlango wa karandinga uani.

"Nimemwona," alisema. "Yuko nje, mzee. Na vyombo. Ukuta wanaubomoa."

"Ukuta upi?"

"Wa upande wa jiko."

"Huo niliupiga lipu mwenyewe," alisema Kashindye. "Mwaka wa njaa. Saruji nilipewa na jirani, marehemu Obedi." Alipangusa uso kwa kiganja, kutoka juu kwenda chini, mara moja. "Wameanza leo?"

"Leo."

"Kabla sijasomewa au baada?"

"Nadhani kabla."

Mzee aliitikia kwa kichwa, taratibu.

"Nitaandika maelezo yote," alisema Wilhelmina. "Nitayapeleka kwa mkuu wa mkoa, nitayapeleka Dar es Salaam. Utasema ulidanganywa. Nitamwambia Kija aje nami, aeleze..."

"Anajua? Kwamba nilikubali kwa ajili ya chumba?"

"Hajui. Sijamwambia kitu."

"Basi usimwambie."

"Mzee, ataamini uliiba."

"Aamini. Na watu waamini." Sasa alikuwa ameshika nyavu upande wake, vidole vyake vikubwa mbele ya vya Sajenti. "Wewe ni Msukuma mwenzangu, unatujua. Mwizi kwetu hupigwa, akishapigwa amesahaulika. Mjinga hutungiwa wimbo. Kija ataukuta wimbo kisimani, ataukuta mnadani, wajukuu watauchezea ngoma. Mwache awe mke wa mwizi."

Wilhelmina aliziachia nyavu.

Askari magereza alisimama mlangoni, akaanza kuita majina. Uani walikuwa wamejaa watu, ndugu wa wafungwa, wachuuzi wa mahindi, waliokuja kutazama tu. Lilipofika jina lake, Kashindye aliitika upesi na kwa sauti kubwa, ili kila aliyekuwa pale asikie.